Maswali Yenu: Niapgredi Windows au Nibaki Nilipo?

Tangu Microsoft ilipokata masasisho ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, barua nyingi mnazotuma zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti tofauti, niapgredi au nibaki nilipo, kwa hiyo safu nzima ya leo nimeiachia swali hilo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mimi huwa naanza na tarehe. Mfumo ulionao utapata viraka vya usalama mpaka lini? Ukishaijua hiyo tarehe ndo tunaongea mengine yote, sura mpya, menyu zilizohamishwa, sijui akili bandia, na mara nyingi utakuta hayo mengine hayana uzito uliodhani yanao.

SWALI: Shikamoo dada. Nina laptopu ya i5 niliyoinunua ikiwa imetumika, ina rem 8 na SSD, inapiga kazi vizuri tu sina shida nayo kabisa. Sasa kila mara inaniletea tangazo kwamba Windows 10 imefika mwisho na kwamba kompyuta yangu haikidhi vigezo vya Windows 11. Wenzangu wengine wananiambia siku moja itagoma kuwaka, wengine wanasema hamna kitu hapo ni mbinu ya kutuuzia mashine mpya. Naitumia kwa masomo na mambo yangu ya benki nafanyia humohumo. Nifanyeje?
Mwanafunzi wa chuo

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kugoma kuwaka haitagoma, hilo liondoe kabisa kichwani. Itawaka kesho na itawaka mwakani, Word itafunguka, video zitacheza kama kawaida, na hapo ndo penye hatari maana kwa macho huoni chochote kilichobadilika. Kilichokatika ni viraka. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft inatoa viraka vya kuziba matundu ya usalama yaliyogunduliwa, na kwa sababu Windows 10 na Windows 11 zina sehemu kubwa ya kodi inayofanana, tundu likizibwa kwenye 11 wadukuzi wanakichukua kile kiraka wanakichambua, wanaona kimeziba wapi, alafu wanaenda kujaribu palepale kwenye 10 ambayo haijazibwa. Kwa hiyo kila mwezi unaopita mashine isiyopata viraka inazidi kuwa wazi, hata kama wewe hujagusa kitu na una uangalifu wote wa duniani.

Wanaosema ni biashara siwapingi moja kwa moja. Kuna biashara ndani yake, na mimi linaniuma kuona mashine nzima inayofanya kazi inaambiwa haifai kwa sababu ya chipu moja, hizo ni takataka ambazo hazikuwa na ulazima. Lakini wanaoishia hapo wanasahau Mei 2017. Kirusi kinaitwa WannaCry kilifunga mafaili ya watu na kudai hela ili yafunguliwe, kikaenea kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150 kwa siku chache tu, hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Na kiraka cha lile tundu kilikuwa kimeshatoka tangu Machi mwaka huohuo! Wengi waliopigwa walikuwa na Windows 7 ambayo bado ilikuwa inahudumiwa, kiraka kipo, hawakukiweka tu. Sasa fikiria mashine ambayo hata hicho kiraka cha kukataa hailetewi.

Tuje kwako. Fungua setingi, ingia System, shuka mpaka About, soma jina la prosesa. Utakuta kitu kama i5-6200U, na kwa prosesa za umri huo ile tarakimu inayofuata baada ya kistari ndo inakuambia kizazi, hapo ni cha 6. i5-8250U ni kizazi cha 8. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kuendelea, ukiondoa chache sana za kizazi cha 7, kwa hiyo kama yako ni 6 au 7 basi lile tangazo halikudanganyi na hakuna rem wala SSD utakayoongeza ikabadilisha hilo.

Kinachokufaa leo, yaani kabla hujafunga hili gazeti, ni kujiandikisha kwenye ule mpango wa viraka vya nyongeza ambao Microsoft wanauita ESU. Unakupa viraka vya usalama mpaka Oktoba 2026. Hakuna vitu vipya ndani yake wala msaada wa kiufundi, viraka tu, na ndivo unavyovihitaji. Sehemu kubwa ya dunia unaweza kuupata bila kulipa ukikubali setingi zako zihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft, au ukatumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards kama unazo, au ukalipia. Kwa vyovyote akaunti ya Microsoft utaihitaji, hata wanaolipia wanaihitaji, na mashine lazima iwe kwenye toleo la 22H2 ambalo ndo la mwisho la Windows 10. Ukifungua setingi ukaenda Windows Update, kama vigezo vimetimia utakuta kiungo cha kujiandikisha palepale. Watu wengi hawajui hata kama kipo.

Kuna rafiki atakuja kukuambia kwamba anajua njia ya kuingiza Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine isiyokidhi. Njia zipo kweli na wala sio siri. Tatizo langu nazo ni lilelile la viraka, Microsoft wenyewe wameandika wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kupata masasisho, yakiwemo ya usalama. Leo yanaingia, kesho hujui. Kama lengo lako ni kuchezea na kujifunza sawa, ila umeniambia humo ndo kuna mambo ya benki, kwa hiyo mimi sikushauri ujenge juu ya kitu ambacho mwenye nacho amekuambia hakiahidi chochote.

Ule muda mpaka Oktoba 2026 usiupoteze kwa kungoja miujiza lakini. Utumie kuamua, mashine nyingine au Linux, ule mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, na hilo la Linux nimelijibu kwenye barua ya chini huko.

SWALI: Dada habari. Kompyuta yangu ya mezani sio ya zamani kiasi hicho, nimeangalia prosesa ni ya kizazi cha 9, lakini bado inaniambia haiwezi kupokea Windows 11. Nimekosea wapi?
Msomaji wa siku zote

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na wala hujakosea popote, hili ni la kawaida sana kwa mashine za kuunganisha mwenyewe. Pakua programu ndogo ya Microsoft inaitwa PC Health Check, iendeshe, itakuambia kilichokwama ni kipi hasa badala ya kukupa jibu la jumla. Naweka dau kwamba ni TPM, ile chipu ya kutunza funguo za siri. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc alafu enta, ikikujibu kwamba hakuna TPM usikate tamaa maana kwenye prosesa za kizazi hicho mara nyingi ipo ndani ya prosesa yenyewe ila imezimwa kwenye BIOS, zile setingi za ndani ya mashine zinazofunguka kabla Windows haijawaka. Kwenye Intel inaitwa PTT, kwenye AMD inaitwa fTPM, unaiwasha, unahifadhi, unatoka.

Sasa kabla hujakimbilia BIOS nisikilize kwanza maana hapa ndo watu wanalia. Kama diski yako imesimbwa kwa BitLocker, yaani Windows imeifunga isisomeke bila ufunguo, na wengi hamjui kama imesimbwa kwa sababu kwenye mashine nyingi ilijiwasha yenyewe siku ulipoingia na akaunti ya Microsoft, ukigusa mambo ya TPM kompyuta inaweza kuwaka ikakuletea skrini ya bluu inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Tarakimu 48, makundi manane ya sita sita, na bila huo ufunguo mafaili yako yote yamo mle ndani mazima kabisa na hakuna fundi wa kukutolea. Kwa hiyo ingia kwanza kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, tafuta sehemu ya funguo za BitLocker, zinakili kwenye karatasi, weka mbali na kompyuta. Alafu isimamishe BitLocker kwa muda, ndo uingie BIOS.

Kitu kingine, kama PC Health Check inalalamikia Secure Boot, inawezekana Windows yako iliwekwa kwa mtindo wa zamani na diski imegawanywa kwa MBR. Ukibadili BIOS iende UEFI bila kubadili diski kwanza mashine haitawaka. Windows 10 inakuja na zana inaitwa mbr2gpt inayobadili bila kufuta mafaili, na huwa inafanya kazi vizuri, lakini ni zana inayoandika upya ramani ya diski nzima kwa hiyo bila bakapu usiiguse. Kama maneno haya mawili matatu ya mwisho yamekuchanganya mpelekee mtu anayeyaelewa, hakuna aibu.

SWALI: Binti yangu, mimi ni mtu mzima nina duka la vipuri na kompyuta yangu inaendesha programu ya hesabu ambayo aliitengeneza kijana mmoja miaka mingi iliyopita, na huyo kijana simpati tena. Ina Windows 10. Wajukuu wanasema niweke 11 haraka. Printa ya risiti nayo ni ya zamani. Naogopa nikibadilisha nitapoteza hesabu zote. Nipe ushauri wa kweli.
Mzee wa vipuri

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hofu yako ina msingi na nawaomba wajukuu wasiharakishe, wametaka mema lakini mashine ya biashara haiendi kama mashine ya kuangalia picha.

Mambo mawili naomba mjukuu mmoja akuangalizie leo jioni. La kwanza, palepale kwenye setingi, System, About, kuna mstari unaosema aina ya mfumo. Kama umeandikwa 32-bit, yaani ile aina ya zamani, simama hapohapo. Windows 11 haina toleo la 32-bit hata moja, kwa hiyo hakuna kuapgredi kwa kubonyeza kitufe, ni kufuta na kuweka upya kuanzia mwanzo. Na kuna hatari nyingine nyuma yake, programu za kale sana zilizoandikwa enzi za DOS au Windows za mwanzo ni za 16-bit, Windows ya 32-bit inaweza kuziendesha lakini ya 64-bit haziendeshi kabisa. Inawezekana hiyo programu yako ndo sababu yule kijana alikuwekea 32-bit, hakufanya kwa bahati mbaya. Mkikuta hivo basi mzee wangu usiapgredi hiyo mashine. Itoe kwenye intaneti, ibaki na kazi ya hesabu peke yake, na mambo ya imeili na benki yaende kwenye kifaa kingine chenye viraka. Fleshi inayoingia mle iwe moja tu ya kwako, isitoke kwenda kwa watu na kurudi.

La pili, kama ni 64-bit, hapo kuna nafasi kubwa ya programu yako kuendelea kufanya kazi, lakini nafasi kubwa sio uhakika na wewe unahitaji uhakika. Njia ninayoiamini ni ya kununua diski nyingine, kuinakili ile ya kwanza yote nzima nzima, kuichomoa ya asili na kuiweka kabatini, alafu kuapgredi ile nakala. Ikiharibika unarudisha ya asili, unawasha, duka linaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Jaribu kwenye nakala vitu vya kweli, fungua daftari la mwaka jana, ingiza mauzo ya uongo, toa ripoti, chapa risiti. Kuhusu printa, nenda kwenye tovuti ya walioitengeneza uone kama wana draiva, ile programu ya kuiunganisha printa na Windows, ya Windows 11 au angalau ya Windows 10 64-bit, maana ya pili mara nyingi inakubali kwenye 11. Kama draiva yao ya mwisho ni ya 32-bit printa hiyo haitaamka, na ni bora ujue kabla kuliko mteja akiwa amesimama mbele yako.

Kwa nini nasisitiza nakala wakati Windows ina kitufe cha kurudi nyuma? Kitufe kipo, kinakupa siku 10 baada ya kuapgredi, lakini kinategemea folda inayoitwa Windows.old iliyo kwenye diski ileile, mtu akifanya usafi wa diski ikafutika basi na kitufe kimekufa, na diski yenyewe ikifa vyote vimeenda. Na isidhaniwe kwamba wakubwa hawakosei. Oktoba 2018 Microsoft walitoa sasisho la 1809 la Windows 10, likaanza kufuta mafaili ya baadhi ya watu, hasa waliokuwa wamehamishia folda zao kama Documents kwenye diski nyingine huku mafaili mengine yakibaki pale pa zamani. Wakalisimamisha baada ya siku chache, likarudi Novemba. Waliokuwa na nakala nje ya mashine waliudhika tu kidogo, wale ambao hawakuwa nayo sijui niseme nini.

Nakala inayonitosha mimi ni ile uliyoichomeka kwenye kompyuta nyingine ukafungua faili moja ukalisoma. Ikiwa hujafungua kitu ndani yake bado huna uhakika kama ni nakala. Na wale wanaosema mafaili yangu yapo OneDrive inatosha, ile inalandanisha, ukifuta huku kule nako kunafutika, kuna pipa la taka la kuokolea kwa muda fulani lakini usiweke biashara nzima juu ya pipa la taka.

SWALI: Mashine yangu nzito kama nini, inachukua dakika kibao kuwaka. Nikiweka Windows 11 itakuwa nyepesi?
Aliyechoka kusubiri

JIBU: Hapana. Kama ina diski ya zamani ile inayozunguka, Windows 11 itaizidishia mzigo. Weka SSD, ongeza rem zifike 8 kama zipo 4, ndo utaiona tofauti kwa macho yako hata ukiwa kwenye toleo lilelile ulilonalo. Ile 4 inayoandikwa kwenye vigezo vya Windows 11 ni kiwango cha kukubaliwa mlangoni, kuifanyia kazi ukiwa umefungua kurasa kumi za intaneti ni habari nyingine. Ila kama kompyuta imeanza kuwa nzito ghafla na mafaili yanachelewa kufunguka au kuna mlio wa kugonga gonga, acha kila kitu toa mafaili yako kwanza, hiyo huenda ni diski inayokufa na kuapgredi ndo kutaimalizia maana ni kazi nzito ya kusoma na kuandika kwa muda mrefu.

SWALI: Dada mimi bado niko Windows 7 na sijawahi kupata virusi. Mnatutisha bure.
Mpenzi wa 7

JIBU: Windows 7 ilikuwa nzuri na naelewa kwa nini umeipenda. Masasisho yake yalikoma tarehe 14 Januari 2020. Chrome iliacha kuihudumia baada ya toleo la 109 mwanzoni mwa 2023, kwa hiyo unatembea mtandaoni na brauza ya miaka ile, na brauza ndo mlango ambao kila kitu kinapitia. Na kusema hujawahi kupata virusi, vya siku hizi vingi havikuonyeshi chochote, vinakaa kimya vinachukua nywila. Kama kuna mchezo au programu inayokubakisha huko itumie bila intaneti. Nywila zako usizichape mle tena, naomba sana.

SWALI: Salaam. Nimesikia Linux inaweza kuokoa laptopu za zamani na ni ya bure, lakini naogopa ni ya watu wa kompyuta wanaoandika andika maandishi meusi. Mimi ni mwalimu, naandika mitihani, natengeneza slaidi, naprinti, basi. Inanifaa?
Mwalimu

JIBU: Salaam mwalimu. Kwa kazi ulizozitaja inakufaa, na hili swali nalipenda kwa sababu ndo njia pekee niijuayo ya kuichukua mashine iliyokataliwa na Windows 11 na kuipa miaka mingine ya viraka kihalali kabisa. Anza na Linux Mint. Ina menyu pale chini kushoto, ina vidirisha, ina kila kitu mahali ambapo mkono wako umeshazoea kwenda, na ile ya familia ya 22 itahudumiwa mpaka 2029. Yenyewe inadai rem 2 kwa uchache, ila mimi nakuambia 4 ndo uanze kufurahia, na kama zipo 4 tu chukua ile yenye Xfce ambayo ni nyepesi zaidi.

Kizuri chake ni kwamba unaionja kabla ya kuila. Unaipakua, unaiweka kwenye fleshi kwa programu kama Rufus, unawasha kompyuta kupitia fleshi, na inafunguka yote bila kugusa Windows yako iliyoko kwenye diski. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasomwa kutoka kwenye fleshi, usiihukumu kwa hilo. Ukiwa humo usikae kushangaa picha za ukutani, fanya kazi. Unganisha waifai. Cheza sauti. Chomeka printa, chapa karatasi moja. Funga kifuniko cha laptopu, subiri kidogo, fungua uone kama inaamka sawasawa, hicho ndo kitu ambacho watu wanasahau kujaribu na baadae kinawakera kila siku. Chomeka projekta kama shuleni mnatumia. Yakipita yote hayo umeshajua jibu kwa mashine yako hiyohiyo na sio kwa mashine ya mtu mwingine aliyesifia mtandaoni.

Sasa ugumu nao niuseme maana wapenzi wa Linux huwa wanauruka. Microsoft Office ile ya kuinstoli haiingii, utatumia LibreOffice, na mitihani ya kawaida itafunguka vizuri ila faili lenye majedwali mengi yaliyopangwa pangwa linaweza kuhama hama mistari, na Excel yenye makro inaweza isifanye kazi kabisa. Chukua mtihani wako mmoja mgumu, ule wenye michoro na hesabu, ufungue kwenye LibreOffice wakati ule ule wa kuonja. Kama unashirikiana mafaili na walimu wenzako kila siku huku na kule, kuna Office ya kwenye brauza ambayo inafanya kazi kwenye mfumo wowote. Na ukitaka kumtumia mtu kitu cha kuchapa mtumie PDF, hapo hakuna kinachohama.

Ukiamua kuiweka moja kwa moja, kuna chaguo la kuiweka pembeni ya Windows ili uchague kila unapowasha, na kuna la kufuta diski yote. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza. Hilo la pili linafuta kweli.

SWALI: Mambo dada. Mimi niko Windows 11 tayari, lakini kila mwaka linaletwa toleo jipya, mara 24H2 mara 25H2. Na hayo nayo lazima nikimbilie?
Mchoshwa na apdeti

JIBU: Poa. Hapana, hayo huna haja ya kukimbilia, na nafurahi umeuliza maana watu wanachanganya vitu viwili. Viraka vya kila mwezi weka, ikichelewa wiki sio mbaya lakini weka. Toleo la mwaka ni kitu kingine, kwa Windows za Home na Pro, zile za watu wa kawaida, kila toleo linahudumiwa miezi 24 tangu litoke, kwa hiyo una muda wa kutosha wa kuwaacha wenye haraka waligundue lina ubovu gani na mashine za aina yako. Mimi huwa nashauri miezi miwili mitatu. Ila usije ukaligeuza hilo kuwa kutoweka milele, toleo la 23H2 kwa mfano liliisha tarehe 11 Novemba 2025 kwa watu wa Home na Pro, na aliyebakia humo leo hana tofauti na aliyebaki kwenye 10, tena huyu wa 10 aliyejiandikisha ESU anamzidi.

SWALI: Dada samahani, nyie kila siku Windows. Mimi nina MacBook Air ya 2020 yenye Intel, nimeambiwa haiwezi kuweka macOS Tahoe. Ina maana imekwisha?
Mwenye Mac

JIBU: Samahani ni yangu, wenye Mac tumewasahau kweli. Haijaisha. Tahoe iliyotoka Septemba 2025 ni ya mwisho kwa mashine za Intel, na hata hizo za Intel imezipokea chache tu, Air ya Intel haimo. Wewe unaishia Sequoia ya 2024. Apple huwa hawatangazi tarehe kama Microsoft, lakini mazoea yao ni kutoa viraka kwa toleo la sasa na mawili yaliyotangulia, na kila mwaka linatoka jipya, kwa hiyo kwa mwendo huo Sequoia ina mpaka mwaka 2027 hivi. Hakikisha uko kwenye Sequoia ya mwisho kabisa iliyotoka, sio ile ya kwanza.

Kama bado uko kwenye toleo la zamani la kabla ya Catalina, yaani kabla ya 2019, na kuna msomaji mmoja ameniandikia yuko hivo kwenye Mac yake ya zamani zaidi, ujue Catalina ilikata programu zote za 32-bit. Kwa hiyo kabla ya kupanda, bonyeza menyu ya tufaha, About This Mac, System Report, alafu sehemu ya programu, utaona orodha inayoonyesha ipi ni 64-bit na ipi sio. Zile ambazo sio hazitafunguka tena upande wa pili. Chomeka diski ya nje, washa Time Machine, iache imalize yote hata kama itachukua usiku mzima, ndo uanze.